Wikiendi zako Mwanza: maswali ambayo wanafunzi wageni hutuuliza kila muhula

Kila muhula tunapokea wanafunzi kutoka Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Wanakaa nasi miezi mitatu au minne kwa mafunzo ya vitendo: wengine uvuvi, wengine afya, wengine lugha. Jumatatu hadi Ijumaa ni wa walimu wao. Jumamosi na Jumapili ni wetu sisi tunaoratibu matembezi. Maswali yanayoingia kwenye simu yangu yanafanana sana, kwa hiyo nimeyaweka hapa pamoja na majibu yake, kama ninavyowajibu tukiwa tumekaa barazani. Yasome kabla hujapanda basi la kuja.

Wikiendi ya kwanza tunaenda Serengeti, sivyo?

Hapana, mdogo wangu. Serengeti ipo, haihami. Wikiendi ya kwanza tunatembea kwa miguu hapahapa mjini, na sibadilishi msimamo huu hata kundi zima likinuna. Anayeanza na simba hurudi bwenini na picha mia mbili, lakini hajui daladala la Kirumba linapandiwa wapi wala mama wa jirani anaitwa nani. Atakuwa mgeni hadi siku ya kuondoka.

Jumamosi ya kwanza tunaamka mapema, twende Mwaloni. Kwetu mwalo ni mahali vyombo vinapotia nanga na samaki kushushwa, na Mwaloni ya Kirumba ni soko linalolisha watu mbali sana na hapa. Utaona magunia ya dagaa yakipakiwa kwenye malori yanayokwenda Kongo, Burundi, hata nchi za kusini. Korongo wakubwa wenye vipara wanasimama juu ya mapaa kama wazee wa baraza, wakingoja matumbo ya samaki.

Mtazame mama anayenunua dagaa wa kwenda kuuza. Hatazami gunia. Anachota konzi moja, anaiminya, anaiachia taratibu kwenye kiganja cha pili, anapuliza. Kikibaki kiganjani kivumbi cha mchanga, anairudisha konzi ile na kuondoka bila neno. Dagaa walioanikwa juu ya mchanga na walioanikwa kwenye chanja huwezi kuwatofautisha kwa mbali, ila meno yatakueleza. Mwanafunzi wa uvuvi anaweza kufundishwa darasani wiki nzima juu ya ubora wa mazao baada ya mavuno. Hapa anaufahamu kwa dakika mbili.

Jioni yake tunapanda majabali. Mji huu unaitwa mji wa miamba kwa sababu nyumba zimejengwa katikati ya mawe makubwa, juu ya mawe, na nyingine zimeegemea mawe. Tunamalizia ufukweni karibu na kivuko cha Kamanga, jua likizama nyuma ya Mwamba wa Bismarck, lile jiwe lililosimama juu ya mawe mengine majini ambalo umeshaliona kwenye kila picha ya Mwanza.

Mbona samaki wenu wana majina mengine?

Ni swali la wanaotoka ng'ambo ya ziwa, na nalipenda kuliko yote. Ziwa ni lilelile moja. Lina kilomita za mraba zinazokaribia 69,000; Tanzania ina karibu nusu yake, Uganda inafuata, na Kenya ina kipande kidogo cha asilimia kama sita. Samaki hawana pasipoti, ila majina yanabadilika mpakani. Dagaa wetu, Mkenya anamwita omena na Mganda mukene. Sangara wetu, kule Kisumu ni mbuta. Sato ni ngege. Mwanafunzi wa Bujumbura atakutajia ndagala na wa Bukavu sambaza, lakini hao ni wa maziwa mengine, samaki si yuleyule, ingawa kwenye sahani wanafanana.

Kijana mmoja wa Kisumu aliwahi kunieleza kwamba alikuja Mwanza kuona nchi ya watu, akajikuta anaangalia nyuma ya nyumba yao kutoka upande wa pili. Ndivyo ilivyo. Wasukuma wa zamani waliyaita maji haya Nyanza. Jina la Victoria alilileta Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika pande hizi Agosti 1858 na kuliita ziwa jina la malkia wake. Waliokuwa wakivua hapa siku hiyo walikuwa na jina lao tayari.

Usiku naona taa nyingi ziwani kama mji. Ni nini?

Ni wavuvi wa dagaa. Dagaa hufuata mwanga, kwa hiyo mvuvi anatoka na taa usiku wa giza, anawakusanya chini ya taa, kisha anazungusha wavu. Zamani walitumia karabai. Sasa wengi wana taa za betri na za sola. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa haufui dafu, na wengi hupumzika wakishona nyavu. Ukitaka kuwaona wakirudi, uliza kwanza ni giza au ni mbalamwezi. Swali hilo pekee litamfanya mvuvi akusogezee gogo ukae.

Tunaweza kuogelea?

Ufukweni, hapana. Najua joto la saa nane mchana, najua maji yanavyokuita, na najua utawaona watoto wa hapa wakijirusha bila wasiwasi. Hata hivyo, hapana.

Sababu ya kwanza ni kichocho. Konokono wadogo wanaoishi kwenye majani ya ukingoni hutoa vijidudu usivyoviona kwa macho, navyo hupenya ngozi ndani ya dakika chache tu. Hapa ziwani tulicho nacho zaidi ni kile cha matumbo. Huhisi kitu siku hiyo. Pengine muwasho kidogo, unausahau. Dawa yake ipo, inaitwa praziquantel, na inatibu vizuri. Tatizo ni kwamba mwanafunzi anarudi kwao, na miezi kadhaa baadaye tumbo linamsumbua kwa daktari ambaye halijui ziwa hili. Kama umeshaingia majini, usione aibu, tuambie. Kipimo cha choo hakionyeshi kitu mapema. Subiri kama miezi miwili ndipo upime, na mtajie daktari neno kichocho mwenyewe.

Sababu ya pili ni mamba na kiboko kwenye baadhi ya fukwe. Muulize mwenyeji, si mtandao.

Hoteli kadhaa za ufukweni zina mabwawa ya kuogelea, ukilipia unaingia. Huko ogelea ushibe.

Kisiwa cha Saanane kinafaa?

Kinafaa sana, hasa kwa mwenye nusu siku na pesa kidogo. Unapanda boti ya hifadhi pale Kapripointi, dakika chache umefika. Ni hifadhi ya taifa iliyo ndani ya jiji, ndogo mno, kilomita za mraba 2.18 ukijumlisha maji yake. Kisiwa kina jina la mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi pale kabla serikali haijakichukua. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na mwaka 2013 kikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa.

Utaona swala, tumbili, mijusi ya rangi mbili inayopiga pushapu juu ya mawe, na pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo kama sungura asiye na mkia, anajianika jabalini asubuhi. Mwongozaji atakuambia ana undugu wa mbali na tembo. Wanafunzi hucheka, lakini ni kweli kabisa, wataalamu wa wanyama wamelithibitisha hilo. Beba maji na kofia. Chakula fungia kwenye begi, maana tumbili wa pale hawabishi hodi.

Bujora ni nini, na kwa nini mnaisisitiza?

Kwa sababu umekuja kuishi Usukumani. Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote Tanzania, na huwezi kukaa kwao miezi minne ukaondoka na neno "wabeja", yaani ahsante, peke yake.

Bujora iko Kisesa, kama kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma. Daladala za Kisesa zipo siku nzima. Ukishuka unatembea kidogo au unachukua bodaboda. Ni makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padre Mkanada, David Clement, aliyekuja kama mmisionari miaka ya 1950, akajifunza Kisukuma na kuanza kukusanya vitu vya watemi, yaani watawala wa jadi wa Kisukuma, kabla havijapotea. Jengo moja limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Ndani kuna ngoma kubwa, mikuki, na vifaa vya waganga. Kanisa lake nalo limebeba alama za kitemi, na hilo lilinigusa tangu mara ya kwanza nilipoingia nikiwa msichana.

Kuna kitu kimoja pale ninachowasimamisha wote wakitazame: namna za kuhesabu moja hadi kumi. Kila rika la Wasukuma lilikuwa na maneno yake ya kuhesabia, kwa hiyo mtu angeweza kukujua umri wako kwa kukusikia ukihesabu tu. Mwambie mwongozaji akuhesabie kwa sauti. Wanafunzi wa lugha huwa hawatoki hapo.

Ukiwa nasi mwezi wa sita, omba ratiba ya Bulabo. Ni sikukuu ya ngoma inayofuata sherehe ya Ekaristi. Vikundi vya Bagika na Bagalu, mahasimu wa tangu zamani, hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni anayevuta umati. Kwa hiyo watu wanahama kutoka upande huu kwenda ule wakikimbia, vumbi linatimka, na wewe mtazamaji miguu yako ndiyo kura yako. Kuna wanaocheza na chatu, kuna wanaorusha majembe ya ngoma ya bugobogobo kama ni manyoya. Vaa viatu vya kufunga kamba.

Ukerewe kwa siku mbili inawezekana?

Inawezekana na inatosha, mkiondoka Jumamosi asubuhi na kurudi Jumapili. Kutoka bandarini Mwanza hadi Nansio, bandari ya kisiwani, ni mwendo wa saa tatu na ushee, kutegemea chombo na hali ya ziwa. Kuna njia ya pili kwa barabara kupitia Bunda hadi Kisorya, halafu kivuko kifupi. Ni ndefu, lakini inamfaa anayeogopa maji mengi, na hapo hakuna wa kumcheka.

Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya maziwa ya Afrika, kilomita za mraba kama 530. Usafiri wa raha ni baiskeli ya kukodi. Unapita mashamba ya mihogo, watoto wanakukimbilia wakisalimia, na popote unapopanda kilima unaliona ziwa tena. Usiku lala Nansio, kula sato wa kukaanga na ugali wa muhogo. Mhogo wa kule ni mtamu, ugali wake unavutika. Usiulinganishe na wa kwenu, ule tu.

Wenye siku ya ziada huvuka hadi Ukara, kisiwa kidogo chenye watu wengi, ambako kila kipande cha shamba kinatunzwa kama bustani ya mboga. Kule kuna jiwe linalocheza. Haliguswi wala kupigwa picha kabla wazee hawajasema sawa, na utaratibu wa kuwaona wazee unaujua mwenyeji wako. Ukikuta siku hiyo haiwezekani, rudi bila manung'uniko.

Nimesikia habari za ajali za meli. Kuna usalama?

Nakujibu kwa uzito unaostahili. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Makaburi na mnara wao viko Igoma, na tunawapeleka wanafunzi pale wikiendi ya pili, kimya kimya, kabla ya safari yoyote ya maji. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara, mita chache kutoka gatini. Kilikuwa kivuko cha watu 101. Waliokufa walizidi 220. Karibu kila mtu wa visiwani anamjua aliyepotea siku ile. Usiliulizie kwa udadisi. Mtu akilianzisha mwenyewe, sikiliza.

Ndiyo maana masharti yetu hayana mjadala. Tunapanda meli na vivuko vinavyokata tiketi yenye jina lako, na jina uandikishe lile la kwenye pasipoti. Jaketi la kuokolea ulione kwa macho na ujue linavyofungwa kabla chombo hakijaondoka. Chombo kikionekana kimejaa, tunangoja kinachofuata, hata kama kinachofuata ni kesho. Hatusafiri na mitumbwi ya mizigo. Hatuvuki jioni upepo ukishaanza. Asubuhi ziwa hutulia, mchana hubadilika, na wakati wa mvua dhoruba huja ghafla. Utabiri wa mamlaka ya hali ya hewa tunausoma usiku wa kuamkia safari, na bendera nyekundu ikiwepo tunalala.

Mwaka mmoja tulikodi boti kwenda kisiwa cha karibu. Tulikuwa 14. Nikahesabu majaketi: sita. Mwenye boti akasema, "Dada, ni hapo tu, unaona kwa macho." Nikawashusha wote. Pesa tuliyotanguliza haikurudi, na wanafunzi wawili hawakunisemesha hadi Jumanne. Ningewashusha tena leo.

Kwa dharura Tanzania, polisi ni 112, zimamoto na uokoaji ni 114. Ziandike kwenye simu leo.

Serengeti basi, lini?

Wikiendi ya tano au ya sita, ukishazoea. Habari njema ni kwamba kutoka Mwanza huhitaji kuzunguka Arusha. Lango la Ndabaka liko Lamadi, pembeni kabisa ya lami ya Musoma, kama kilomita 140 kutoka mjini. Mkiondoka saa kumi na moja alfajiri mnaingia mapema.

Huu ni upande wa magharibi wa hifadhi, wa mto Grumeti. Nyumbu wanaohama hupita huku kati ya Mei na Julai, mwaka huu wakiwahi, mwaka ule wakichelewa, kufuata mvua. Miezi mingine utakosa makundi makubwa, lakini mamba wa Grumeti, viboko, twiga na tembo hawaendi popote. Usivae nguo za bluu iliyokolea wala nyeusi: mbung'o wa huku huzipenda rangi hizo na kung'ata kwao kunauma hasa.

Kuhusu malipo, raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiwango cha chini sana ukilinganisha na wageni wa nje ya jumuiya. Kongo nayo imo tangu 2022, kwa hiyo mwanafunzi wa Bukavu usikubali kuandikiwa dola. Lakini lazima uthibitishe uraia. Leta pasipoti yenyewe, si picha ya kwenye simu. Gharama kubwa si kiingilio, ni gari. Gari likijaa watu saba, kila mmoja anapumua.

Na Rubondo?

Rubondo si ya wikiendi ya siku mbili. Iko kusini-magharibi mwa ziwa, unaenda hadi upande wa Geita au Chato ndipo uvuke kwa boti. Ni hifadhi tangu 1977, na ina sokwe ambao mababu zao waliletwa pale miaka ya 1960, wengine wakitoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya, wakaachiwa msituni wakajifunza upya kuishi. Wanafunzi wa baiolojia, ombeni ruhusa ya siku nne. Safari ya upande huo imerahisishwa na daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya maji, lililofunguliwa Juni 2025. Kabla yake tulikuwa tunapanga foleni ya kivuko, na wagonjwa wa hospitali ya rufaa ya Bugando nao wakiwa kwenye foleni hiyohiyo.

Butiama?

Ndiyo, unganisha na Musoma. Mwalimu Nyerere alizaliwa pale mwaka 1922 na kuzikwa pale Oktoba 1999. Kaburi, makumbusho, na nyumba za familia, vyote viko Mwitongo. Uingie kama unaingia msibani kwa mkubwa wako: kofia mkononi, sauti chini.

Kiswahili changu ni cha Nairobi. Watanicheka?

Hawatakucheka, watakusahihisha, na baadhi watafurahia kukusikia. Jambo moja tu ulizingatie. Huku hatusemi "nipe chai" wala "leta menyu". Tunasema "naomba chai". Mtu aliyekuzidi umri unamwambia shikamoo kabla ya swali lolote, hata swali la njia. Nimewaona wanafunzi wazuri, wenye adabu kwao, wakihudumiwa kwa kununiwa kwa sababu walianza na "niaje" mbele ya mama mwenye mgahawa. Siku ya pili wakaanza na "Shikamoo mama, habari za asubuhi", wakaongezewa kipande cha samaki.

Na Kisukuma kidogo kinakufungulia milango. Asubuhi ni mwangaluka, alasiri ni mwadila, ahsante ni wabeja. Ukimwambia bibi wa Kisesa "mwangaluka", jiandae. Atakujibu kwa Kisukuma cha dakika tano mfululizo.

Saa ya kukutana ni saa ngapi hasa?

Tukisema saa kumi na mbili asubuhi ni kumi na mbili ya Kiswahili, kabla jua halijachomoza. Wa Rwanda, Burundi na Kongo ya mashariki, tazameni: saa zenu ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Simu nyingi hujirekebisha, saa za mkononi hazijirekebishi. Binti mmoja wa Bukavu alifika bandarini anatembea kwa maringo, amewahi kwa nusu saa kwa hesabu yake, na meli ya Nansio ilishakuwa kidoti. Alikuwa amevaa saa ya marehemu baba yake na hakutaka kuigusa mishale. Nilimwelewa. Tangu siku hiyo namtumia kila mtu ujumbe wa kumwamsha.

Nije na pesa kiasi gani, na nizibebeje?

Nauli hubadilika, kwa hiyo sitataja tarakimu zitakazokudanganya. Panga hivi: wikiendi mbili za mjini kwa kila safari moja ya mbali. Mjini utatumia nauli za daladala na chakula. Bujora na Saanane ni nafuu. Ukerewe ni ya kati. Serengeti ndiyo inayobomoa kibubu, anza kuichangia mapema. Sajili laini ya Tanzania siku ya kwanza kwa pasipoti na alama za vidole, uweke pesa kwenye simu. Mawakala wako kila kona, hata Nansio. Noti ndogondogo ziwe mfukoni kwa ajili ya bodaboda na machungwa.

Na begi la kubebea liwe la kitambaa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na mpakani wanaichukua.

Wasichana tunaweza kutoka peke yetu?

Mchana mjini, ndiyo, wawili wawili. Vijijini na visiwani beba khanga ya kujifunga juu ya suruali; hakuna sheria, ni heshima, na hufanya maongezi yaende. Usiku piga simu kwa dereva wa bajaji unayemjua. Ukiona jambo haliko sawa na wenzako wanasema unazidisha, nipigie mimi, hata saa nane za usiku. Sijawahi kumkasirikia aliyepiga.

Nikitaka kubaki tu bwenini?

Baki. Fua, lala, piga simu nyumbani. Mwezi wa pili wengi huchoka na kuona aibu kusema. Jumapili jioni njoo uwanja wa Kirumba kama Pamba Jiji wanacheza, ukae na watu bila kuongea. Au njoo kwangu, kuna michembe ya kupika kila wakati. Ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na ukiichemsha na karanga mgeni husahau alikuwa na huzuni.

Naruhusiwa kubeba dagaa kwenda nyumbani?

Kilo chache za kula na familia hazijawahi kumsumbua mwanafunzi wetu. Ukinunua kwa magunia hiyo ni biashara, na biashara ya samaki kuvuka mpaka ina vibali vyake. Nunua Mwaloni, siku mbili kabla ya safari, wa kwenye chanja. Fanya kama yule mama: konzi, kiganja, puliza. Waanike tena jua moja barazani, uwafunge kwenye karatasi, halafu kitambaa, halafu ndoo yenye mfuniko. Mweleze kondakta mapema, ndoo iwekwe buti la chini. Na nyumbani wakikuuliza ni omena au ni mukene, wewe unajua la kuwajibu.